Pembe Nne za Baba

Baba yangu hakuwahi kuimba. Natanguliza hilo kwa sababu kila baada ya muda mtu hubisha hodi hapa kwetu Migori, mara mwanafunzi wa chuo kutoka Rongo, mara kijana wa redio na kinasa sauti chake, akimtafuta "yule mwimbaji wa zamani." Namwambia amekosea nyumba, kisha namkaribisha chai, maana njia ya kwetu ni mbaya na mtu ameshafika. Sauti ya Baba haifai. Akisalimia tu, kuku hutawanyika. Kazi yake, katika ile miaka michache kabla ya uhuru na michache baada yake, ilikuwa kuongoza bendi ya dansi na kuipangia muziki: nani apige nini, aingie lini, anyamaze lini. Hiyo ya kunyamaza hasa. Alikuwa na wanamuziki tisa, na kwa maelezo yake wanane hawakujua kunyamaza.

Mpangaji wa muziki haonekani. Mwimbaji anaonekana, mpiga gitaa anaonekana, hata yule wa kubeba ngoma kuziingiza ukumbini alikuwa na wasichana wa kumwangalia. Mama alipenda kumwambia, "Wewe ni kama chumvi." Baba hufurahi. Kisha Mama humalizia, "Watu wanakukumbuka ukizidi."

Solfa alifundishwa shule ya misheni. Tarumbeta alifundishwa jeshini, ambako pia alifundishwa kutukana. Akaviunganisha vyote viwili, yaani solfa na tarumbeta, maana wapulizaji wake hawakujua kusoma noti za kizungu. Kila mmoja alimwandikia karatasi yake ya do re mi kwa mwandiko ule wa watu waliochapwa viboko ili waandike vizuri. Walipiga Kisumu, walivuka hadi Musoma, lakini nyumbani kwao hasa palikuwa ukumbi mmoja wa Homa Bay, karibu na gati, kila Jumamosi. Mwenye ukumbi alikuwa mama mmoja mnene mwenye maringo, na Baba alimtungia wimbo. Ulianza hivi: "Fungua mlango, mama, tumefika, kiu yatuua." Si shairi la kumtoa mtu machozi, lakini watu waliucheza mpaka viatu vikaachia soli.

Katikati ya wimbo huo Baba aliweka kitu alichokiita Pembe Nne. Magitaa yananyamaza, ngoma zinanyamaza, wanabaki wapulizaji wanne peke yao: tarumbeta mbili, saksafoni na tromboni, wakiitikiana dakika nzima na zaidi. Hakuna kingine. Kwa Baba, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Sehemu iliyobaki ya wimbo alisema ni ya kuwaleta watu karibu ili wazisikie.

Basi wakaitwa Nairobi kurekodi. Kisa hiki nimekisikia mara nyingi kuliko Sala ya Bwana, na kilisimuliwa kwa kelele zaidi. Santuri za siku zile, upande mmoja ulibeba dakika tatu. Wimbo ulichukua nne na ushee. Mtu wa studio alikuwa amening'iniza saa shingoni kama mwalimu wa michezo. Akaitazama, akasema, "Hapo katikati, magitaa yanaponyamaza, toeni." Baba akasema hapatoki. Yule akasema basi hakuna santuri. Baba akakusanya makaratasi yake, akayapanga moja baada ya jingine, maana hata hasira yake ina mpangilio, akawaambia wenzake wafunge vyombo. Wapulizaji wanne wakafunga. Wapiga gitaa wakatazamana. Mwimbaji akasema koo limemkauka, watangulie, yeye atakunywa maji kidogo awakute kwenye kituo cha basi.

Hayo maji anayanywa mpaka leo. Alibaki na magitaa, akaurekodi wimbo bila tarumbeta hata moja, na ukaenda kila mahali palipokuwa na betri za redio. Kwenye santuri lipo jina la mwimbaji. La Baba halimo hata kwa maandishi madogo.

Aliapa hatakanyaga studio tena, na kwa bahati mbaya yeye ni mtu wa kutimiza ahadi. Barua zilikuja, zaidi ya moja, za kumbembeleza. Alizijibu zote kwa sentensi moja: Pembe Nne zikiingia, naja. Wakati anasubiri jibu, magitaa yakachukua nchi. Tarumbeta zikawa vitu vya polisi na mazishi ya wakubwa. Bendi ikavunjika, naye akaenda kupima pamba kwenye kinu cha Homa Bay, mpaka pamba nayo ikafa. Ndipo tukahamia Migori, kwa sababu Mama alikuwa na meza ya omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na omena haikuwahi kumwambia mtu apunguze dakika.

Sisi watoto tulikuwa wanne. Mama alisema ni watano, wa tano ni Pembe Nne, na ndiye pekee ambaye baba yenu hajawahi kumgombeza. Nami nilizichukia, nasema waziwazi. Nilivaa sweta ya shule ambayo kaka yangu alikuwa ameivaa, kisha dada yangu, kisha mimi, na nikirudi nyumbani namkuta Baba amekaa kibarazani anarekebisha sauti ya tromboni katika wimbo ambao hakuna mtu duniani atakayeupiga. Akinyoa ndevu anazipiga kwa mdomo, sauti zote nne kwa zamu, na povu la sabuni usoni. Nilizijua kabla sijajua kuhesabu. Yawa, jamani, mtu anaweza kuwa na wivu na kipande cha muziki? Mimi nilikuwa nao.

Mama alikuwa wa kanisa letu, la wale tunaosali Jumamosi. Baba alimsindikiza hadi langoni kwa miaka yote ile, akarudi. Kisha Mama akafariki, na mwaka uliofuata nilimwomba Baba tuende wote makambi, ile mikutano yetu ya ibada ya wiki nzima, kwa sababu sikutaka abaki peke yake na makaratasi yake. Nilikuwa nimeshastaafu ualimu wa Kiswahili na nilikuwa katibu wa kwaya. Akaja, akakaa nyuma, miguu ameikunja kama mtu aliyelazimishwa. Kwaya moja ya Rongo ikasimama kuimba. Kanisani kwetu hakuna ngoma, hakuna makofi, hata kutikisa bega unaulizwa. Watu wote uwanjani wakanyamaza kimya.

"Hawa watu," Baba akaninong'oneza, "hunyamaza hivi kila Jumamosi?"

"Ndiyo, Baba. Ni ibada."

"Na hakuna anayeuza kitu?"

"Hakuna."

"Hakuna anayecheza?"

"Baba!"

"Nauliza tu, nyathina."

Nyathina ni "mwanangu" kwa Kijaluo, na Baba akiniita hivyo najua kuna jambo analipika. Mwezi uliofuata alijiandikisha darasa la ubatizo. Alibatizwa ziwani Homa Bay, hatua chache kutoka mahali ulipokuwa ule ukumbi. Alipoinuliwa majini aligeuka akapatazama pale kwa muda mrefu, na mchungaji, machozi yakimlengalenga, akatuambia mzee anaiaga dhambi. Kanisa zima likasema ni muujiza. Sisemi haukuwa. Nasema tu kwamba mimi nilisikia maswali aliyouliza.

Walimpa kwaya. Miaka mitatu alitupangia nyimbo za kawaida, na tukaanza kuogopwa. Alikuwa na karibu miaka tisini, anafundisha ameketi kwenye kiti cha plastiki, na hakuwa na huruma. "Alto," alikuwa akituambia, "mnaimba kama watu wanaotafuta funguo." Mimi ni alto. Nilikuwa naenda nyumbani nimenuna, halafu nampikia.

Kisha siku moja baada ya mazoezi akanipa karatasi nne za solfa, moja ya kila sauti. "Nitafutie maneno, mwalimu."

Nilisoma mstari wa kwanza kimoyomoyo. "Baba, huu si ule?"

"Upi?"

"Ule wa mama wa pombe."

"Nimeupunguza mwendo," akasema.

Hakuwa amefanya lolote jingine. Tarumbeta ya kwanza alikuwa ameiandika soprano, ya pili alto, saksafoni teno, tromboni besi. Hakugusa noti hata moja. Nilimwambia ana wazimu, nikamwambia watamtoa ushirika, nikamwambia mambo mengi ambayo binti hamwambii babake. Alisubiri nimalize. Halafu akasema, bila kelele, jambo ambalo hakuwahi kulisema katika masimulizi yote ya studio.

"Mimi niliondoka pale, nyathina. Mama yako aliuza omena maisha yake yote kwa sababu niliondoka pale. Ukumbini sikuzisikia hata siku moja, watu ni kelele, chupa ni kelele. Kabla sijafa nataka nizisikie mara moja tu mbele ya watu walionyamaza. Nijue kama niliondoka kwa sababu ya muziki au kwa sababu ya kiburi."

Nilichukua karatasi. Maneno hayakunisumbua sana, Mungu anisamehe. Palipoandikwa "mama" niliweka "Bwana": fungua mlango, Bwana, tumefika, kiu yatuua. Nikaona kazi imekwisha. Ila Pembe Nne hazikuwa na maneno, na kwaya haiwezi kusimama ikipuliza hewa, kwa hiyo hapo nilitunga ubeti mpya, mistari minane, kuhusu Yerusalemu na malango yake. Nilikaa nao wiki mbili. Nadhani ulikuwa mzuri.

Tukaanza mazoezi ya makambi ya mwaka huo. Mzee wa kanisa wa kwanza ndiye anayeweka ufunguo wa kanisa. Ni mtu aliyestaafu ukarani, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na akitabasamu unajua kuna harusi. Jioni moja alikuja kufunga, akasimama mlangoni na kufuli mkononi akingoja tumalize. Ubeti wa kwanza alitikisa kichwa kwa kuridhika. Tulipofika kwenye Pembe Nne kufuli likamwanguka. Kesho yake tukaitwa mbele ya baraza la kanisa, Baba na mimi.

Baraza lilikaa Jumapili asubuhi ofisini. Mchungaji wetu alikuwa kijana kutoka upande wa Kuria. Siku za bendi ya Baba, hata wazazi wake hawakuwa wamezaliwa. Mzee wa kanisa alisimama.

"Mchungaji, wimbo huu ni wa dansi. Ni wa kilabuni. Hauwezi kwenda makambi."

"Una hakika, mzee?"

"Hakika kabisa. Naujua."

"Uliusikia wapi?" akauliza mchungaji, kwa nia njema kabisa.

Mzee wa kanisa akakohoa. Mkuu wa mashemasi, mama mwenye miaka themanini na zaidi, ghafla akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake.

"Redioni," akasema mzee wa kanisa. "Jirani alikuwa na redio."

Baba alikuwa ameinamia fimbo yake mpaka hapo. Akainua kichwa. "Uliutambua mwanzoni, jaduong'?" Hilo ni neno la heshima kwa mzee mwenzako, na hakuna neno la heshima linalouma zaidi ya hilo Baba akilitumia.

"Mwanzoni sikuwa na hakika. Nilipata hakika pale katikati, zile sauti nne zinapoitikiana."

"Pale katikati," Baba akasema taratibu, "hapakurekodiwa. Redioni hapajawahi kupigwa hata mara moja. Palipigwa ukumbini tu, Homa Bay, karibu na gati. Nikikumbuka vizuri, ilikuwa Jumamosi."

Mzee wa kanisa alifungua kifungo cha shingoni. Yule mama shemasi alikuwa amepata alichokitafuta, leso, akaifunika usoni, na mabega yake yakawa yanatetemeka. Nilidhani analia, mpaka nikaona macho yake.

"Mchungaji," akasema alipoweza, "mimi naona wimbo una ujumbe. Hasa pale pa Yerusalemu."

Mchungaji aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Wazee wote wa baraza walikuwa wakisoma sakafu. "Kwa hiyo hapa hakuna aliyewahi kufika kwenye huo ukumbi?"

Hakuna. Hakuna hata mmoja.

"Basi kwetu sisi ni wimbo mpya," akasema, tukafunga kwa sala.

Tuliporudi nyumbani Baba alitembea mbele yangu, yeye na fimbo yake, kama mtu anayechelewa mechi. "Anazikumbuka!" akawa anasema. "Umesikia? Mwanzo hakuukumbuka, maneno hakuyakumbuka, lakini Pembe Nne anazikumbuka! Miaka sitini, nyathina! Mtu hakumbuki kitu kibovu miaka sitini." Sikuwahi kumwona na furaha ile, hata siku nilipohitimu. Nilimfurahia, nami nikaona wivu wangu wa zamani umeisha, au umezeeka.

Makambi yalifanyika kwenye uwanja wa shule, Homa Bay. Tulipewa basi la shule, tukaenda kwaya nzima na sare zetu, Baba kiti cha mbele karibu na dereva. Mchana wa Sabato tukaitwa. Alikataa kiti. Alisimama mbele yetu, mgongo kwa watu, akainua mikono, akaiacha juu kwa muda. Najua alikuwa anasikiliza nini. Alikuwa anasikiliza ule ukimya.

Tukaimba. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili vizuri zaidi. Kisha tukaingia Pembe Nne, na Baba akafumba macho. Nilikuwa naimba sehemu ya tarumbeta ya pili, nimezijua noti zile tangu nikiwa mtoto, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nazichukia. Nilikuwa namwangalia yeye. Ndiyo maana nilichelewa kuona.

Mzee wa kanisa alikuwa amesimama. Nikajua amekuja kupinga hadharani. Hapana. Alipita pembeni ya safu, kwa ile haraka ya mtu wa heshima ambaye hataki kuonekana ana haraka, akaelekea vyooni nyuma ya madarasa. Akafuata babu mmoja mwenye fimbo, mtu nisiyemjua, labda wa Mbita. Wakafuata nyanya wawili wakishikana mikono. Kisha yule mama shemasi wetu mwenyewe, akigeuka nyuma mara moja kama mtu asiyejua ametumwa na nani. Vijana walikunja magoti kuwapisha. Viti vya plastiki vikalia huku na huku. Wote walikuwa wazee. Hakutoka mtu wa chini ya miaka sabini na tano. Tuliposhika ubeti wa mwisho walikuwa wakirudi, wanakung'uta maji mikononi, wakaketi. Watu waliitikia "Amina" kubwa, na wengine walikuwa wakilia.

Nilimkamata mzee wa kanisa karibu na tangi la maji. "Mzee, umetoka kwa nini?"

"Mwalimu, sijui nikwambie nini. Miguu imejiendea yenyewe." Alitazama kulia na kushoto. "Sikiliza. Siku zile bendi ya babako haikuwa inapumzika. Nyimbo zilifuatana, na hakuna aliyetaka kupitwa na hata moja. Sasa zile tarumbeta nne zikianza, huwezi kuzicheza. Hazichezeki. Kwa hiyo huo ndio ulikuwa wakati wa kwenda nje. Kila mtu alijua. Tulikuwa hata tunaambiana mezani: vumilia kidogo, Pembe zinakuja."

Kwa hiyo alizikumbuka kweli. Kibofu ndicho kilichokumbuka. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga na Biblia yake mwenyewe, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu kwaya ilikuwa inaniita kupiga picha. Niliapa kwamba Baba hatalisikia hilo kutoka kinywani mwangu, hata akiniwekea kisu.

Kwenye basi nilikaa naye. Tulikuwa tumeshapanda mlima tukiuacha mji aliponiuliza, bila kunitazama:

"Walitoka wangapi?"

"Nani, Baba?"

"Usinifanye mtoto. Nimesikia viti."

"Wachache. Wazee. Unajua wazee."

"Siku zile kiongozi wa bendi alikuwa anawatazama watu," akasema. "Nilikuwa nawaona wakitoka. Kila Jumamosi, palepale. Nilijiambia ni bia. Mtu akinywa bia lazima atoke." Akapangusa kioo cha dirisha kwa kiganja. "Leo hawajanywa hata soda."

"Watu wamelia, Baba. Nimewaona."

"Wamelia ubeti wa mwisho. Umemwona mmoja akilia kwenye Pembe?"

Sikumwona.

"Wewe umeziimba. Zikoje?"

"Tamu," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Tamu kuziimba. Hata kuzipiga zilikuwa tamu, wale wanne walikuwa wakizipiga wamefumba macho. Nakuuliza kuzisikiliza."

Nimemdanganya baba yangu mambo mengi katika maisha haya, mengine makubwa, na ulimi haukunikwama. Siku hiyo ulikwama. Miaka mitatu alikuwa amenifundisha kusikia, mzee yule, na kiti chake cha plastiki na matusi yake ya alto.

"Ni ndefu, Baba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Yule mtu wa saa alikuwa sawa."

Tukafika Rongo. Hapo akatoa zile karatasi nne mfukoni mwa koti, akaniwekea mapajani. "Kata."

"Baba, si lazima leo."

"Kata wewe. Mkono wangu hautaki."

Nikatoa kalamu, nikakata. Soprano, alto, teno, besi, mstari mmoja wa wino kutoka kona hadi kona, huku basi likinirusha. Yerusalemu yangu ilikwenda na malango yake yote, mistari minane, mistari pekee niliyoitunga kweli. Hakuna aliyeniuliza kama inaniuma. Iliniuma. Baba alitazama nje dirishani, miwa inapita, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika wangu kwa nguvu kama tunavuka barabara.

Jumamosi iliyofuata tuliuimba mfupi, kanisani kwetu Migori. Kutoka ubeti wa pili moja kwa moja hadi wa mwisho. Ulisimama vizuri, lazima niseme, vizuri kuliko ulivyowahi. Baba alisimama mbele yetu kama kawaida, mgongo kwa watu, lakini hakuwa anatusikiliza sisi. Kichwa alikuwa amekiinamisha upande kidogo, akisikiliza viti.

Nami niliacha kuangalia karatasi. Nilimkazia macho mzee wa kanisa kwenye safu ya kwanza, yule mama shemasi kando yake, na wazee wote waliokuwa nyuma yao. Akitoka mmoja tu, niliwaza, nitamwambia Baba njiani kwamba ni uzee, ni kibofu, hazikuwa Pembe, na kwamba Mama hakuuza omena bure. Niliimba huku nawaombea kwa Mungu wabanwe. Hakuna aliyesimama.